Kabla Hujabuni Kifaa cha Hospitali, Njoo Ukae Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi wodi ya wazazi na chumba cha watoto njiti katika hospitali ya mkoa hapa pwani, na kwa kuwa siogopi kufungua mashine kwa bisibisi, inchaji wangu alizoea kunitupia kila mgeni aliyekuja na kifaa kipya. Ndivyo nilivyojikuta nikiwapokea wanachuo wa uhandisi, kila mmoja na boksi lake na kompyuta yake mgongoni. Wengi wana akili kunizidi. Wanajua kuunganisha sensa, wanajua kuandika programu. Ila hawajawahi kukiona kifaa cha aina yao kikitumika saa tisa usiku, muuguzi akiwa peke yake na watoto 14 na soketi nne.

Haya ndiyo ninayowaambia. Mfano wangu utakuwa mashine ya oksijeni, konsentreta, ile ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewa ya chumbani, kwa sababu ipo karibu kila hospitali na naijua hadi harufu yake ikipata moto. Wewe unayebuni pampu ya dripu au kipimo cha presha weka jina la kifaa chako, hatua ni zile zile.

Orodhesha kila mkono utakaokigusa

Mwulize mbunifu mtumiaji wake ni nani, atakujibu haraka: daktari. Daktari anaandika oksijeni kwenye faili na kwenda kitanda kingine. Anayeiwasha mashine ni muuguzi. Anayeisukuma pembeni ili apige deki ni mhudumu. Anayeamka usiku kurudisha kenula, kale kamrija ka oksijeni, puani mwa mtoto ni mama yake, au bibi aliyekuja kumsaidia mzazi. Na anayeosha filta? Hapo wodi nzima inakaa kimya. Filta ya vumbi inatakiwa ioshwe angalau mara moja kwa wiki, na kwenye mashine nyingi nilizofanya nazo kazi iko nyuma, upande unaoelekea ukutani. Wauguzi wanajua ni kazi ya fundi, fundi anajua ni kazi ya wodi, na kitabu cha maelekezo kimeandika "mtumiaji" bila kusema yupi.

Chukua karatasi. Kila mtu mpe mstari wake: macho yake yako kimo gani akiwa kazini, amevaa glavu au hakuvaa, anasoma lugha gani bila kusumbuka, nani alimfundisha kifaa, na mkono wa pili umeshika nini. Usiandike "muuguzi" ukaridhika. Andika muuguzi aliyeajiriwa juzi, akaletwa kutoka wodi ya wanaume kuziba pengo. Huyo ndiye atakayekutana na mashine yako siku mbaya. Yule uliyemfundisha kwenye semina, mkapiga na picha ya pamoja, amehamishiwa wilaya nyingine au yuko likizo ya uzazi.

Halafu muweke kwenye orodha mtu ambaye hatakigusa kabisa: anayenunua, pamoja na kiwanda kitakachotengeneza. Shirika moja la Marekani liitwalo Design that Matters lilibuni inkubeta ya watoto iliyotumia vipuri vya gari, taa za mbele zikatoa joto, kwa hoja kwamba fundi wa magari yupo kila mahali. Wazo lilisifiwa dunia nzima. Jarida la Time likaliweka kwenye orodha yake ya uvumbuzi bora 50 wa mwaka 2010. Inkubeta yenyewe haikuwahi kuingia kiwandani. Kiongozi wao, Timothy Prestero, amelizungumza hilo hadharani bila kujificha, na ninamheshimu kwa hilo.

Kifaa chao kilichofuata ndicho ninachopenda kuwaonyesha wanachuo. Ni taa ya kutibu manjano kwa watoto wachanga, Firefly, waliyoifanya pamoja na watengenezaji wa MTTS wa Vietnam tangu mwanzo. Aliyewahi kufanya kazi chumba cha watoto anajua taa ya kawaida inavyotumika kwetu: imening'inia juu, chini yake wamelazwa watoto wawili au watatu kwa sababu hakuna nyingine, na mama akiona mwanawe yuko uchi kwenye feni anamfunika kwa kanga. Taa inawaka, kanga inapata tiba, mtoto anabaki wa njano. Firefly ina kitanda kidogo kinachotosha mtoto mmoja tu, na mwanga unatoka juu na chini pia. Ukimfunika kwa juu, wa chini unaendelea na kazi. Ukitaka kulaza wawili, hawaenei. Hakuna bango linalomkataza mama, hakuna semina. Umbo la kifaa ndilo lililofanya kazi ya kukataza.

Njoo usiku

Ruhusa kwanza. Barua inaenda kwa mganga mfawidhi, kisha unajitambulisha kwa matroni, kisha kwa inchaji wa wodi, na usiruke yeyote, maana aliyerukwa ndiye atakayekukosesha ushirikiano. Ukikusanya taarifa za wagonjwa ili uzichapishe, huo ni utafiti, unahitaji kibali cha maadili. Kwa Tanzania ni kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati ya chuo inayotambuliwa. Picha piga za mikono na mashine. Sura ya mama aliyejifungua usiiguse. Vaa viatu vinavyooshika, usikae juu ya kitanda cha mgonjwa, shikamoo kwa wote wakiwemo wahudumu wa usafi. Wahudumu hasa. Wanajua siri za kila mashine kwa sababu wao ndio huchomoa na kuchomeka nyaya.

Kwa nini usiku? Mchana kuna fundi, kuna daktari, kuna mwanga wa dirisha, kuna wanafunzi wa uuguzi wa kutumwa. Kasoro za kifaa zinafichwa na watu. Usiku watu wameondoka, kasoro zinabaki na sista mmoja.

Kaa pembeni uangalie mikono. Nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu ujue ninachomaanisha. Mashine ya oksijeni ina kibomba cha plastiki kilichosimama, ndani yake kigololi kinaelea, pembeni namba. Unazungusha kitasa, kigololi kinapanda, unasoma namba iliyo usawa wa katikati ya kigololi. Rahisi. Lakini mashine iko chini sakafuni na kibomba kiko usawa wa paja langu. Alama zimechorwa upande wa mbele wa kibomba, kigololi kiko ndani zaidi. Ukisoma ukiwa umesimama, macho yanashuka kwa mshazari na kigololi kinaonekana kipo juu kuliko kilipo. Unadhani umeweka lita moja kwa dakika, kumbe ni pungufu. Ili usome sawasawa inabidi uchuchumae. Sasa mwangalie sista mwenye ujauzito wa miezi minane, saa kumi alfajiri, uone kama atachuchumaa kwa kila mtoto.

Na hesabu yenyewe ni ndogo mno kwa kukosea. Mtoto mchanga hupewa kama nusu lita hadi lita moja kwa dakika, wakati mashine nyingi zimechorwa hadi lita 5, nyingine 10. Eneo lote tunalolihitaji sisi limebanwa chini kabisa ya kibomba, ambako kigololi kinachezacheza. Ikipungua, mtoto anakosa hewa. Ikizidi kwa njiti, oksijeni nyingi inaweza kumharibu macho. Aliyechora zile namba alikuwa na mtu mzima akilini, nyumbani kwake, mgonjwa wa mapafu mwenye soketi yake peke yake.

Tafuta pia plasta. Wodi yoyote utakayoingia, mashine zimebandikwa vipande vya plasta vyenye maandishi ya kalamu: USIZIME HAPA. BONYEZA MARA MBILI. HII INADANGANYA TUMIA YA DIRISHANI. Mshale mwekundu unaoelekea kwenye swichi ya kweli kati ya swichi tatu zinazofanana. Kila plasta inakuambia mahali ambapo kifaa kimeshindwa kujieleza. Zipige picha zote, ziandike kwenye daftari, uliza nani aliandika na kilitokea nini siku hiyo. Mara nyingi kuna kisa, na mara nyingine kisa hicho ni kizito, basi sikiliza bila kuandika.

Umeme ukikatika usikimbilie nje kupata hewa. Hapo ndipo ulipojia. Sista atashika simu kwa meno ili tochi immulike, mikono miwili ifanye kazi. Kioo chako cha kugusa kinaonekanaje kwenye mwanga huo? Na mashine nyingi za oksijeni zina alamu ya kukatika umeme inayotegemea kabetri kadogo ambako hakuna aliyewahi kukabadilisha, kwa hiyo mashine inazimika kimya. Umeme ukirudi, je, inaendelea pale ilipoishia, au inasubiri mtu aibonyeze? Na ikiwaka inahitaji dakika kadhaa kabla oksijeni haijafika kiwango chake. Haya yote andika.

Jambo la mwisho la usiku ni muda. Mimi nimetumia fetoskopu, ule mrija wa kuweka sikio tumboni, tangu chuoni, na naupenda: hauna betri. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila dakika 15 hadi 30 uchungu unapokolea, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Ukiwa na akina mama watano, piga hesabu. Si suala la uvivu wala elimu, dakika hazipo. Kifaa kiitwacho Moyo, cha Laerdal Global Health ya Norwe, kilichofanyiwa utafiti hapa Tanzania kwenye hospitali kama Muhimbili na Haydom, kilianzia kwenye hesabu hiyo. Kinafungwa kwa mkanda tumboni, kinasikiliza mfululizo, kinapiga kelele mapigo yakienda ovyo. Na mama akiweka vidole vyake kwenye kifaa, kinapima mapigo yake pia, kwa sababu kosa la kale la mkunga aliyechoka ni kuhesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto. Hilo la pili huwezi kulijua ukiwa ofisini. Lazima uwe umewaona wakunga wanavyokosea.

Usiulize "mnataka nini"

Sisi ni watu wa kukirimu mgeni. Ukija na kifaa chako, umevaa shati jeupe, umepanda basi kutoka chuoni, halafu uniulize, "Mama, mnaonaje?" nitakujibu, "Kizuri sana mwanangu, hongera." Nitasema hivyo hata kama kimenishinda kuwasha. Utaandika kwamba watumiaji wameridhika. Nimeshaona ripoti za namna hiyo.

Fanya hivi badala yake. Leta mifano miwili au mitatu, si mmoja. Ukiniletea kimoja, kukikosoa ni kukuvunja moyo. Ukiniletea viwili nitakuambia waziwazi hiki kina kitasa kigumu, kile kinateleza, na hakuna atakayekasirika. Usiniulize kwa ujumla, niambie nikuonyeshe jinsi nilivyofanya jana kwa mtoto wa kitanda cha tatu. Au mwombe sista mmoja amfundishe mwenzake kifaa chako wewe ukiwa umenyamaza. Anapotumia mikono kueleza, au anaposema "hapa ruka tu, bonyeza kile," umepata unachotafuta. Na usiwaweke daktari bingwa na mhudumu kwenye kikao kimoja. Mhudumu hatasema neno hadi chai inaisha.

Panga makosa kabla hayajatokea

Hapa kuna viwango vya kimataifa, na usiviogope. IEC 62366-1 ya mwaka 2015 inahusu namna ya kukifanya kifaa tiba kitumike kwa usalama. ISO 14971 inahusu hatari zake. Zikiondolewa lugha ya kamati, zinakutaka uvunje kazi katika hatua ndogo ndogo, na kila hatua ujiulize mambo matatu: mtu ameweza kuona au kusikia? Ameelewa maana yake? Mkono wake umeweza kufanya? Kigololi kile ni kosa la kuona. Alamu inayolia mlio mmoja kwa "filta chafu" na kwa "hakuna oksijeni" ni kosa la kuelewa. Kitasa kinachoteleza kwenye glavu yenye maji ni kosa la mkono. Ukishajua ni la aina gani, dawa yake haikupi tabu kuipata.

Kisa ambacho kila mbunifu wa vifaa tiba anapaswa kukijua ni cha Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotumika Marekani na Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 ilihusika katika ajali 6 zinazojulikana, wagonjwa wakipigwa mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi walikufa. Kasoro za programu zilikuwepo, ndiyo. Lakini angalia upande wa mtu aliyeketi mbele ya kioo: mashine ilikuwa na tabia ya kusimama mara kwa mara kwa mambo madogo, ikitoa maneno kama "Malfunction 54" yasiyomwambia kama ni jambo dogo au ni kifo, na kubonyeza herufi P kulitosha kuendelea. Walizoea kubonyeza P. Nani asingezoea? Sisi tunazizima alamu za wodini kwa mtindo huo huo, kwa sababu zinalia kutwa kenula ikisogea kidogo.

Ukishapata orodha ya makosa, dawa zina daraja. Bora kuliko zote ni kubadilisha umbo ili kosa lisiwezekane, kama kale kakitanda kanakoenea mtoto mmoja. Viunganishi vya mirija ni mfano mwingine: mrija wa chakula na mrija wa dripu ukiweza kuingiliana, siku moja maziwa yatakwenda kwenye mshipa, na ndiyo maana vikatungwa viwango vya ISO 80369 vinavyofanya kiunganishi cha kazi moja kisiingie kwenye cha kazi nyingine. Vipimo vya sukari navyo: vipo vinavyoweza kubadilishwa kati ya milimoli na miligramu, na tofauti yake ni mara 18. Funga kizio kiwandani, kisibadilike kwa kubonyeza kwa bahati mbaya. Dawa ya pili ni kinga, kama kifuniko juu ya swichi. Maandishi ya onyo na mafunzo ni ya mwisho kabisa. Mwanachuo akiniambia "hilo tutalitatua kwa mafunzo," namwuliza atamfundisha nani, na mwaka kesho atakuwa wapi.

Jenga kwa kadibodi kwanza

Usilete chuma. Leta boksi la kadibodi lenye vipimo halisi, weka mchanga ndani lipate uzito wa kweli, chora vitufe kwa kalamu. Tulijaribu hivyo na mashine moja ya kijana wa chuo, na kabla hajafungua mdomo kueleza, mhudumu alilisukuma boksi kuelekea mlangoni na likakwama kwenye kizingiti. Magurudumu yalikuwa madogo. Ilimgharimu gundi na mchana mmoja.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston walianza mashine yao ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, ile ya mapovu inayoitwa Pumani, kwa pampu za kuingizia hewa matangi ya samaki wa mapambo zikiwa ndani ya boksi la plastiki. Mashine ikaendelezwa na kujaribiwa pamoja na watu wa Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yanasema kati ya watoto wachanga wenye shida kali ya kupumua, walioruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa hai walikuwa asilimia 44 kwa oksijeni peke yake, na asilimia 71 kwa mashine hiyo. Pampu za samaki! Namtajia kila anayeniambia hana bajeti ya kuanza.

Kwa konsentreta ya kadibodi, chora kibomba cha kigololi katika vimo vitatu tofauti na uwaombe wasome kila kimoja wakiwa wamesimama, mtoto mkononi (mwanasesere anatosha). Huhitaji takwimu kubwa kuona kimo kipi kinasomeka.

Klorini, chumvi na ngozi

Mambo haya hayaonekani maabara. Vifaa vyetu vinafutwa kwa maji ya klorini asilimia 0.5, kila siku, na mtu mwenye haraka. Maandishi yaliyochapwa juu ya plastiki yanafutika hadi swichi zinabaki vipara. Plastiki nyingine zinapauka na kupasuka. Kabla hujachagua wino, chukua vipande vya sampuli, vifute kwa klorini asubuhi na jioni hadi uchoke, kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuviona asome. Namba zilizochongwa ndani ya plastiki zinadumu. Epuka mianya inayoshika damu na maziwa. Hapa pwani ongeza hewa ya chumvi: skrubu za chuma cha kawaida zinashika kutu mvua moja tu.

Ngozi nayo. Kile kipimo cha kidoleni cha kiwango cha oksijeni hupitisha mwanga kwenye ngozi. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 katika New England Journal of Medicine, wa wagonjwa wa Marekani, ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliopitwa bila kuonekana na kipimo ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Vipimo vya namna hiyo vilishatumika kwa miongo. Sensa yako inayogusa mwili ijaribu kwenye miili ya watu utakaowauzia, na kwenye vidole vyenye hina na rangi ya kucha, maana bibi harusi naye huugua.

Jaribio, na jinsi ya kunyamaza

Fanya majaribio madogo madogo wakati wa kubuni, watu watano au wanane kila mara, urekebishe, urudie. Yale ya mwisho, ya kuthibitisha, ni makubwa zaidi: mwongozo wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wa mwaka 2016 unataka watumiaji wasiopungua 15 kwa kila kundi. Kila kundi, yaani wauguzi 15, na kama mama naye anakigusa, akina mama 15.

Tumia chumba kitupu, mwanasesere, na kisa: "Mtoto ana siku mbili, gramu 1,600, anahema kwa shida, daktari ameandika nusu lita. Endelea." Halafu funga mdomo. Ni kazi ngumu kuliko kubuni. Nimemwona kijana akikaa juu ya viganja vyake ili asinyooshe kidole, na bado, sista alipozungusha kitasa kinyume, kijana alisema "mmh" kwa sauti ndogo. Sista akageuza upande wa pili hapo hapo. Jaribio lile lilikuwa limekufa, aliyeiweka sawa ile mashine ni "mmh." Mwombe mtu mwingine aendeshe jaribio, wewe kaa nje uangalie kwa video.

Weka usumbufu wa makusudi. Katikati ya kazi mwite sista, mpe simu ajibu, zima taa. Mrudishe uone kama anajua alipoishia. Mpe glavu zenye maji ya sabuni. Akikosea usimrekebishe, mwishoni mwulize, "Pale ulipogeuza, ulikuwa unafikiria nini?" Jibu lake liandike kwa maneno yake. Na kwenye ripoti yako lisitokee neno "kosa la mtumiaji" likiwa limesimama peke yake, bila kusema nini kwenye kifaa kilimvuta akosee.

Jaribu na karatasi ya maelekezo pia. Kiswahili chake kisiwe kile cha kutafsiriwa neno kwa neno na kompyuta. Soma kwa sauti mbele ya mhudumu, akikunja uso andika upya. Ukurasa mmoja, wa plastiki, unaoning'inia kwenye mashine yenyewe. Vitabu vinene hufungiwa kabatini kwa matroni.

Baada ya hapo

Usajili wa kifaa hapa Tanzania uko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kumbukumbu zako zote za majaribio utaziomba zikuokoe huko, kwa hiyo zihifadhi tangu siku ya kwanza zikiwa na tarehe. Siingii zaidi, wana ofisi na wanajibu barua.

Vipuri fikiria mapema. Uchunguzi wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali katika nchi 16, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Kwa konsentreta kinachouawa sana ni vumbi, filta zilizoziba na umeme unaopanda na kushuka. Basi filta ya vumbi ihamishie mbele, ionekane ikichafuka, itoke kwa mkono mtupu. Weka mbili za akiba ndani ya mashine yenyewe, kwenye mfuko wake, kwa sababu zikienda stoo hazirudi. Fyuzi iwe ya aina inayouzwa mjini. Stabilaiza iwe ndani ya boksi, maana ya nje itahamishiwa kwenye friji.

Na skrubu za kifuniko ziwe za aina moja zote, ya kawaida, ambayo bisibisi yake inapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Fundi wetu ana bisibisi mbili, na moja ni yangu.